Askari Wangu wa Lipu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Wameiba tena. Safari hii birika kubwa la jikoni, lile la chai ya watu arobaini, na suruali tatu kutoka kwenye kamba. Moja ilikuwa bado mbichi. Mwizi ameondoka na maji yetu pia.

Siandiki ili nijisifu. Daftari hili lilikuwa la vipimo na vipimo vimekwisha, kurasa zimebaki. Tena mwandiko wangu ni mzuri, hata mwalimu wa darasa la sita alisema hivyo siku niliyoacha shule. Kazi yangu ni lipu. Ukuta nikishaupiga mimi, inzi akitua anateleza. Hapa kwenye ujenzi kuna mafundi wengi, na wote wakitaka kuona ukuta ulionyooka huja kuangalia wangu.

Bweni letu lina watu arobaini, wote wa mbali na makwao, na limegawanyika. Sisi ni Virungu. Tunasema: wekeni askari polisi getini, aonekane, na mwizi akimwona atageuza njia. Wale wengine ni Taa. Wanasema askari huja baada ya wizi, kuandika kilichoibiwa. Eti kinachozuia wizi ni taa kwenye uzio, uzio usio na tundu, na watu kujuana. Maneno yote haya tumeyaokota kwenye magari ya kampeni yanayopita barabarani na vipaza sauti. Chama kimoja kinaahidi polisi kila kona, kingine taa na ajira. Katika bweni zima hakuna hata mmoja mwenye kura katika mji huu. Lakini wenye kura wenyewe hawajafika mahali pa kunyimana chumvi mezani. Sisi tumefika.

Kiongozi wa Taa ni shemeji yangu, mchomeleaji, kaka mkubwa wa mke wangu. Ndiye aliyenitafutia kazi hii, na hunikumbusha kila asubuhi kabla ya chai. Leo hakunikumbusha. Chai haikuwepo.

Sasa habari kubwa. Msimamizi wa bweni ametangaza kwamba Jumapili tutachagua mwenyekiti wa usalama. Mwenyekiti atahamia kile chumba kidogo kando ya ofisi. Kitanda kimoja. Dirisha. Mlango unaofungwa kwa ndani. Mimi nalala kitanda cha juu, na chini yangu yuko fundi bomba anayekoroma kama mashine ya kukatia vigae. Kwa miaka miwili sijaamka hata siku moja nikiwa nimepumzika. Naanza kazi nikiwa nimechoka, namaliza nikiwa nimechoka, katikati natafuta pa kuegemea. Chumba kile ni changu. Kilichobaki ni kura.

Mchana nimempigia mama watoto nikamwambia nimekuwa mwenyekiti. Akanipa hongera, kisha akasema kaka yake amemwambia uchaguzi ni Jumapili. Nikamwambia kaka yake ana wivu.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mdahalo kwenye chumba cha kulia. Nimeshinda, ingawa waliokuwepo hawakugundua.

Shemeji aliniuliza ni lini nimeona askari amefika kabla ya mwizi. Nikajibu hajafika kwa sababu hajaitwa. Akasema yeye alipoibiwa baiskeli alikwenda kituoni, wakamuuliza kama ana hakika aliwahi kuwa na baiskeli. Watu wakacheka mpaka wakagonga meza. Nikasimama nikaeleza kwamba hilo ni swali la kisheria na lina umuhimu wake. Hapo hakucheka mtu. Kimya kabisa. Nimekihesabu hicho kimya upande wangu.

Fundi nondo, ambaye ndiye meneja wa kampeni yangu, alisema mwizi ni mwoga na mwoga hutaka kuogopeshwa. Upande wa Taa wakamuuliza mbona yeye ni mwoga na anaiba sukari. Ikawa vurugu. Shangazi, mpishi wetu, ambaye hana chama, alitoka jikoni na mwiko wake akasema kwamba tangu asubuhi amesikia habari za polisi na habari za taa, ila hajasikia mtu akisema habari za birika. Chai ameichemshia kwenye sufuria ya mchuzi. Ilinuka vitunguu. Pande zote mbili zilikunywa.

Nikiwa nakunywa hiyo chai ya vitunguu, wazo likanijia. Mwizi hamwogopi polisi. Atamwogopaje wakati hamjui? Anachoogopa ni umbo la polisi. Kofia, mabega, namna ya kusimama. Na umbo ni kazi ya nani? Umbo ni kazi ya fundi lipu.

Nilitabasamu peke yangu mpaka Shangazi akaniuliza kama tumbo linaniuma.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Leo nimemuumba askari.

Kwanza kiunzi. Nilikusanya vipande vya nondo nikampelekea shemeji, nikamwambia anichomelee kitu cha kutundikia nguo. Alinitazama, akatazama mchoro wangu, akauliza kwa nini kitu cha kutundikia nguo kina magoti. Nikamwambia ni mtindo mpya. Akachomelea. Lazima niseme ukweli, hata kama ni wa Taa: mkono wake ni mzuri. Hakuniuliza zaidi. Amezoea kunidharau, na kuna siku dharau yake inanifaa.

Kiwiliwili ni magunia yaliyojazwa maranda, yamefungwa kwa waya. Juu yake ovaroli kuukuu niliyoipaka rangi ya buluu. Kofia ni boksi gumu, nembo ni kifuniko cha kopo la maziwa. Lakini kichwa na mikono, hapo ndipo nilipotulia. Lipu tupu. Mchanga nimeuchekecha mara mbili. Nyusi, mashavu, kidevu cha mtu asiyetaka mzaha. Masharubu nimeyatoa kwenye ufagio.

Tulimsimamisha kando ya geti, mimi na fundi nondo, mahali ambapo barabara inakunja na kila anayepita anamwona. Nilirudi nyuma hatua kumi. Ndugu zangu! Nilisahau kwamba ni mimi niliyemtengeneza, nikajikuta natoa mikono mifukoni.

Shangazi alipita na ndoo, akasimama, akasema kazi nzuri, lakini kwa nini amefanana na shemeji yako. Nikabisha. Kisha nikaangalia. Ni kweli. Uso ule naukuta mbele yangu mara tatu kwa siku kwenye meza ya chakula, mkono umejifunza wenyewe bila kuniomba ruhusa.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Hakuna kilichoibiwa. Hata soksi.

Dereva wa lori la mchanga alifika saa moja asubuhi, akasimama mbele ya askari wangu, akatoa leseni na karatasi za gari, akazinyoosha dirishani. Alikaa hivyo karibu dakika kumi. Mwishowe akasema asante, mkuu, akaendelea. Hilo nililiona kwa macho yangu kutoka juu ya jukwaa la ujenzi, na kazi nzima ya leo niliifanya nikipiga mluzi.

Wakati wa chai nilihutubia. Nikasema: mmeona. Askari yupo, wizi haupo. Shemeji alisema yule si askari, ni saruji. Kama saruji inazuia wizi basi polisi wa nini, tununue mifuko. Nikamwambia asikwepe hoja. Akasema tena kwamba jana jioni alikwenda na mashine yake akaziba lile tundu la uzio nyuma ya vyoo, ambalo gunia la viazi lingepita bila kuinama. Sikuwa nimeandika habari za tundu hilo kwa sababu halihusiani na jambo hili.

Mvua ilinyesha mchana. Watu wote walikimbia. Yeye hakutikisika. Nilimtazama kutoka dirishani, maji yakimchuruzika masharubuni, na nikahisi kitu kifuani ambacho nimewahi kukihisi mara moja tu, siku mwanangu mkubwa alipotembea.

Mama watoto kapiga simu. Kasema kaka yake amemwambia nimetengeneza sanamu. Nikamwambia nimeanzisha kikosi.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Siku ya pili bila wizi. Nikaona huu ndio wakati wa kupiga chuma kikiwa moto. Kama umbo la askari limefanya haya, askari mwenyewe atafanya nini? Niliandika barua ya kuomba askari halisi getini kwetu, kwa ule mwandiko wangu, na Virungu wote wakatia sahihi. Mchana nikaipeleka kituoni mwenyewe, shati safi.

Koplo wa mapokezi aliisoma yote. Akafungua kitabu kikubwa, akapitisha kidole, akasema ombi haliwezekani. Eneo lenu tayari lina askari.

Nikauliza askari gani.

Akasema gari la doria limemwona siku mbili mfululizo. Yuko kwenye lindo tangu alfajiri. Haketi, hashiki simu, hapigi soga na wapita njia. Jana mvua ilimnyeshea na hakutafuta pa kujikinga. Mkuu wa doria amemtaja kwenye gwaride la asubuhi kama mfano. Koplo akaweka kalamu chini akasema kwa kweli yeye binafsi angefurahi kumjua, maana hapa kituoni kuna watu mvua ikitishia tu wanaomba likizo.

Hapo nilikuwa na njia mbili. Moja ilikuwa kusema ukweli. Lakini mtu akisifiwa kazi yake na Serikali, tena kwa maandishi, mdomo unakuwa mzito. Koplo aliniuliza askari huyo ametokea kituo gani. Nikasema ni mgeni. Akaandika: mgeni. Akanirudishia barua, akasema kuna mitaa haina askari hata mmoja na watu wake hawalalamiki kama sisi.

Nilirudi kifua mbele. Niliwakusanya Virungu nikawaeleza yote, hasa pale pa gwaride. Sikupata makofi niliyoyatarajia. Fundi nondo alikaa chini juu ya tofali. Alisema katika maisha yake ameona watu wakikosa polisi kwa sababu nyingi, lakini hajaona mtu aliyeweza kutukosesha polisi kwa kutumia polisi. Kisha wakapiga kura ya haraka, wakanifukuza kwenye Virungu. Mimi, niliyelitia jina kundi lenyewe. Fundi nondo atagombea badala yangu.

Sawa. Nitagombea peke yangu. Mtu mwenye kazi nzuri hahitaji chama.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Sajini amekuja. Mkuu wa doria mwenyewe, kumpa pongezi askari wa mfano.

Tulikuwa tunakunywa chai. Tulimwona akishuka kwenye gari, akatengeneza mkanda, akamsalimu. Kimya. Akamsalimu tena, kwa sauti. Kimya. Tukamsikia akiuliza kwa ukali kama huko alikotoka hawafundishwi heshima. Akamshika bega. Bega likatoa maranda.

Akajipangusa maranda mkononi.

Kisha akaja kwetu akauliza nani amefanya vile. Watu wote walininyooshea kidole kwa wakati mmoja, Taa na Virungu pamoja. Shemeji naye. Tangu Jumatatu ni jambo la kwanza ambalo bweni zima limekubaliana.

Sajini aliniuliza kama najua ni kosa mtu kujifanya polisi. Nikamjibu kwa heshima kwamba mimi sijajifanya, aliyejifanya ni yule pale. Alinitazama sana. Akarudi kwa askari wangu, akamzunguka mara mbili, akambandua ile nembo ya kopo. Akamgonga shavu kwa kidole. Akauliza, kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, mchanga niliuchanganya kwa kiasi gani, kwa sababu ukuta wa sebuleni kwake umepasuka na umewashinda mafundi watatu. Nikamweleza. Mchanga wa mto, uchekechwe mara mbili, ukuta ulowanishwe siku moja kabla. Aliandika kwenye daftari lake la kazi.

Sanamu ikae, akasema, mradi isidai kuwa polisi. Nikathubutu kumuuliza habari za askari halisi. Akahema. Alisema ana watu kumi na mmoja kwa mji mzima, na wiki hii sita wanalinda mikutano ya chama kinachoahidi polisi kila kona.

Shemeji alicheka kwa namna ambayo sikuipenda.

Ajabu ni kwamba tangu sajini aondoke, kila upande unamtaka askari wangu. Virungu wanasema ni ushahidi wao. Taa wanasema ndiye polisi bora waliyewahi kumwona, hamsumbui mtu wala haulizi vitambulisho. Kuhusu mimi hakuna aliyesema neno. Mama watoto kapiga kuuliza kama nimekamatwa. Nikamwambia sajini alikuja kuniomba ushauri, na huo ni ukweli mtupu.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Uchaguzi.

Wagombea watatu: shemeji wa Taa, fundi nondo wa Virungu, na mimi wa kujitegemea. Nilihutubia dakika ishirini na tano. Niligusa historia ya wizi tangu zamani. Kisha msimamizi akasema wanyooshe mikono. Shemeji kumi na tisa. Fundi nondo kumi na tisa. Mimi moja, na mkono naujua. Fundi bomba alikuwa amelala kwenye benchi, hakuamshika.

Mnaona hali ilivyokuwa. Kura yangu ndiyo ya kuamua! Msimamizi akatoa mapumziko mafupi na kila mtu akaja kwangu. Fundi nondo aliniahidi kunirudisha kwenye Virungu na cheo cha katibu mwenezi. Shemeji alinivuta pembeni akasema: sikiliza, baba watoto, nipe kura, chumba tutalala kwa zamu, wiki wewe wiki mimi. Usingizi wa wiki mbili kila mwezi. Alisema kwa upole, na macho yake yalikuwa mekundu kama yangu, maana anayelala chini yake hukoroma pia.

Ningeweza kusema ndiyo. Mwili wangu wote ulisema ndiyo. Nikasema hapana. Nilimwambia chumba cha mwenyekiti hakigawanywi kama boga. Nikasimama wima kama askari wangu, nikasubiri wao ndio wanipigie kura.

Chakula kilikuwa kinapoa. Shangazi akatokea mlangoni akasema kama wanaume wazima hawawezi kuamua, basi wamchague yule wa getini, angalau yeye haongei. Watu wakacheka. Kisha wakaacha kucheka. Shemeji akanyoosha mkono, akasema afadhali huyo kuliko Virungu. Fundi nondo akanyoosha, akasema afadhali huyo kuliko Taa. Mikono ikapanda ukumbi mzima. Mimi nilinyoosha kuuliza swali la utaratibu. Msimamizi akanihesabu. Thelathini na tisa.

Msimamizi wetu ni mtu wa kanuni. Kanuni inasema mwenyekiti aishi kwenye chumba cha mwenyekiti. Watu wanne walimbeba kutoka getini, wakamlaza kitandani, wakamfunika shuka mpaka kidevuni, wakavuta mlango polepole.

Nimempigia mama watoto nikamwambia mtu wangu ameshinda kwa kishindo. Akauliza chumbani atalala nani. Nikamwambia mtandao unasumbua.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Jana asubuhi nilianika godoro langu juani. Nililiweka kando ya geti, pale pale alipokuwa akisimama askari, kwa kuwa kwa siku nne nzima ndipo palipokuwa mahali salama kuliko pote. Saa saba nilipokwenda kuligeuza, halikuwepo.

Shemeji alikuja na Taa wote nyuma yake. Akasema ndio polisi hao, mmewapa cheo wamekwenda kulala ndani, wizi unafanyika nje. Fundi nondo akaja na Virungu akasema mmeona, askari ameondolewa na wizi umerudi siku hiyo hiyo. Walisimama juu ya alama ya godoro langu kwenye vumbi wakagombana karibu saa nzima. Shangazi akauliza nani aliyeacha geti wazi baada ya lori la mchanga kutoka. Niliacha mimi, lakini hilo halikuwa suala.

Jioni shemeji alitandika godoro lake la sponji sakafuni, akapima katikati kwa kamba, akalikata kwa msumeno, akanipa nusu. Kisha akasema nisimwambie dada yake. Nikaahidi. Mama watoto alinipigia baada ya robo saa kuniuliza kama hiyo nusu inatosha miguu.

Haitoshi. Lakini usingizi mbaya humpa mtu nafasi ya kufikiri, na leo asubuhi nikiwa juu ya jukwaa nimepata jibu ambalo Taa na Virungu wote wamelikosa kwa sababu ya ushabiki. Tatizo halikuwa wazo langu. Wazo langu lilikuwa dogo mno. Askari mmoja hawezi kuwa mwenyekiti na kulinda geti kwa wakati mmoja. Hata binadamu hawezi. Wanatakiwa wawili, kwa zamu. Labda watatu, mmoja akae nyuma ya vyoo.

Huyu wa pili nitampa sura yangu. Msimamizi amesema nafasi ya makamu iko wazi, na kando ya stoo kuna chumba kingine, kidogo zaidi, ambacho hakijapangiwa mtu.

Ninahitaji mifuko miwili ya saruji na usingizi wa siku moja. Saruji nimeshaipata.